Bluu ya Mama Povu na Miguu Mipya ya Vani Kongwe

Wewe uliyegeuza shingo, nakuona. Miaka sita na miezi miwili umepita mbele ya vani kongwe ya Mama Povu, iliyokaa juu ya matofali kama mfalme aliyevuliwa viatu, na kila mara ukaona afadhali utazame simu yako. Na waraka ule wa wakazi ulipopitishwa mlango kwa mlango, kuiomba manispaa iondoe "takataka ile ya chuma", ulitia sahihi: ya tatu kutoka chini, kwa wino wa kijani. Mimi sisahau wino. Basi leo huendi popote. Keti, na huyo mwenzako aliyejibanza nyuma ya pazia naye aketi, mpokee habari za vita vilivyopiganwa mbele ya nyumba zenu mkiwa mmetazama kando.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya mwisho ya amri ya manispaa. Na amri ilinena kwamba gari lisilosogea kwa nguvu zake lenyewe ifikapo saa sita mchana litavutwa likatupwe kwenye chuma chakavu. Ndipo alipotoka uani Mama Povu, mfua mashuka ya zahanati, mtesa madoa, malkia wa pasi mbili, akiwa amejifunga kibwebwe. Miaka yote sita mashuka yale aliyabeba kichwani, furushi juu ya furushi, kwa kuwa matairi ya kipimo cha vani ile hayauzwi tena popote chini ya jua. Injini ilikuwa nzima. Aliiwasha kila Jumatatu ili isimsahau. Ilikosa miguu tu. Ikivutwa leo, furushi litabaki juu ya kichwa chake mpaka shingo imshinde.

Na miguu ilipatikana. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, jemadari wa maneno, alikuwa ameligonga gari lake dogo mpaka kikasalimika kitu kimoja tu: rimu nne za aloi na matairi yake, ziking'aa kama kioo cha kinyozi. Lakini ole wetu! Rimu zile zina matundu matano, na habu ya vani, kile kitovu kinachobeba gurudumu, ina stadi nne, yaani zile nondo fupi za kufungia gurudumu. Ndipo Mkereza Vyuma, bingwa asiyecheka, akakereza adapta nne, sahani nene za chuma: upande huu zinafungwa kwenye habu kwa nati nne, upande ule zinaipokea rimu kwa nati tano. Mabalozi wa falme mbili zisizosalimiana!

Saa tatu asubuhi jeki ikapanda. Saa nne gurudumu la kwanza likawa limevaliwa, na Shemeji akapanda juu ya ndoo, akauhutubia mtaa mtupu:

"Enyi mlionicheka! Nne imeoana na tano! Nani tena atasema mimi naharibu magari tu?"

"Shemeji, shuka, ndoo yangu hiyo." Mama Povu alilikamata gurudumu, akalitikisa. Kwa, kwa, kwa. "Linacheza hili."

"Halichezi, linazoea."

"Linazoea nini? Kwani ni mkwe huyu, ana haya?"

"Wewe kaza tu, shemeji yangu, litakaa lenyewe."

Mama Povu hakukaza. Alichana ukanda wa shuka kuukuu, akaupenyeza kati ya adapta na rimu, nao ukapita kama mwizi kwenye mlango wazi. Shemeji akashuka kwenye ndoo.

Hapo shujaa akaingia ndani, na aliporudi alishika silaha ambayo jeshi lolote duniani halijapata kuibeba: bluu ya kufulia. Akaikoroga nzito kama uji, akaipaka usoni pa adapta kwa kidole, akaikandamiza rimu, akaitoa. Na tazama! Mgongoni mwa rimu palikuwa na madoa manne ya bluu, mviringo, kama mashahidi wanne walioapishwa. Vichwa vya stadi za vani vilichomoza nje ya adapta kwa unene wa ukucha, vikiisukuma rimu isikae.

"Miaka ishirini nayafukuza madoa," akatamka Mama Povu, na uchochoro mzima ukavuma. "Leo nimeyatuma kazi. Shemeji, lete tupa!"

Stadi kumi na sita za kupunguzwa vichwa! Tupa ikalia, jasho likatiririka, Shemeji akaomba maji mara tatu na huruma mara saba. Kila zilipoisha nne, bluu ikapakwa tena, hadi rimu ikatoka na duara kamili, na ukanda wa shuka ukagoma kupita.

Zikiwa zimebaki dakika nne, Karani wa Manispaa akafika na lori, mnyororo begani.

"Mama, muda umekwisha."

"Shati hilo nimekufulia mimi, mwanangu, na dakika nne hizo ni zangu."

Jeki ikashuka. Injini ikakohoa, ikatukana, ikanguruma. Na vani kongwe ikatembea, enyi watu, ikatembea! Hatua ishirini na saba, nilizihesabu, mpaka kwenye pipa la taka, kisha ikarudi kinyumenyume ikipiga honi kama inaoa. Karani akaandika "Linasogea," kisha mikono yake ikapiga makofi bila ruhusa ya ofisi. Siku hiyo ihesabiwe miongoni mwa siku kuu za dunia.

Wewe ulifunga pazia.

Jana vani ilipeleka mashuka zahanati ikarudi salama. Lakini Mkereza aliagiza: baada ya safari ya kwanza nati zote zikazwe upya, na zile nne za ndani zimefichwa na rimu; hazionekani mpaka gurudumu livuliwe. Ndizo hulegea kimya, kama majirani. Kiuno cha Shemeji kimekataa; amelala chali anaihutubia dari. Mama Povu yuko peke yake, jeki imeshapanda, na saa nane zahanati inasubiri mzigo.

Acha kusoma. Njoo na ile kalamu ya kijani ukafute jina lako, na mkono wa kulia ukashike spana. Gurudumu la nyuma kushoto halina mtu. Ni lako. Toka nje sasa hivi.