Pedali za Kunasa na Bibi wa Chini

Jumatatu, tarehe 3 Machi. Mwaka wa thelathini na moja ugenini.

Nimeanguka. Si uzee. Naliandika hili mapema kwa sababu Shemeji atalisimulia vingine.

Shemeji ni ndugu wa marehemu mke wangu. Amenipungukia miaka miwili na adabu nyingi. Mwezi uliopita alifunga pedali za kunasa kwenye baiskeli yake ya milimani. Kiatu kina kipande cha chuma chini ya soli. Unakanyaga, pedali inakidaka, ta!, na mguu hauchomoki. Akaniambia nisithubutu, hizo ni za watu wenye magoti. Basi leo ninazo.

Fundi baiskeli alinieleza, akarudia: ukitaka kutoka usivute mguu juu, zungusha kisigino nje. Kisigino nje, mzee! Nikamjibu kwamba nimewahi kusoma mambo mazito kuliko hayo.

Nikaondoka kwake kama mfalme. Nikafika getini kwetu. Bibi wa Chini alikuwa kwenye kiti chake, anaota jua. Anaishi ghorofa ya chini, kaingia miaka tisini, naye ni wa kwetu, alitangulia kufika huku. Sasa, mimi nililelewa kwamba mkubwa hasalimiwi kutoka juu ya baiskeli. Unashuka. Unasimama wima. Ndipo unatoa shikamoo. Nikakamata breki, nikainua mguu nishuke. Mguu ukagoma. Nikaenda ubavu, taratibu, kama mti uliokatwa na mtu asiye na haraka.

Shikamoo niliitoa hivyo hivyo, kutoka chini.

Bibi akasema marahaba mwanangu, ila heshima hii imezidi.

Jumanne, tarehe 4.

Binti yangu kauona mkono. Ni muuguzi, huwezi kumdanganya kwa shati la mikono mirefu. Nilimwambia nimejigonga kwenye mlango. Akauliza mlango gani huo wenye kokoto.

Hukumu imetoka. Jumamosi nipande kilima cha tangi la maji na kushuka bila kuanguka. Nikiweza, pedali ni zangu na hatasema neno. Nikianguka, Fundi atazing'oa na kurudisha zile bapa za zamani. Shahidi atakuwa Shemeji. Nilipinga. Binti akasema mjomba ana macho mazuri.

Nilikubali kwa hadhi kubwa, mfuko wa barafu ukiwa kiwikoni.

Jumatano, tarehe 5.

Mbinu ya kwanza: mafuta ya kupikia. Chuma kikipakwa mafuta, kitateleza chenyewe. Nimepaka pedali. Nimepaka soli. Pedali hazikubadilika hata kidogo. Soli zimeteleza vizuri sana, jikoni, nikiwa nimebeba sufuria.

Mbinu ya pili: mazoezi koridoni, mbali na macho ya watu. Nimepanda baiskeli, nimeshika mlango wa kabati la nguo. Kulia, nasa, achia. Kushoto, nasa, achia. Safi! Mara ya tatu nikayumba kidogo. Kabati likanifuata.

Bibi wa Chini amegonga dari yake kwa fimbo. Baadaye akauliza kama tunahama.

Alhamisi, tarehe 6.

Ushindi! Nimezunguka uwanja wa shule asubuhi nzima. Kisigino nje, mguu chini. Nimesimama kwenye taa za barabarani, nikamsubiri mwokaji mikate avuke na toroli lake, na sikutikisika. Nilimkuta Shemeji kwenye kituo cha basi. Nikasimama mbele yake makusudi, mguu mmoja chini, nikamuuliza kama basi limemwacha. Hakucheka. Siku nzuri.

Nikafika getini. Bibi yupo. Nikaanguka.

Nimelala kitandani nikiwaza jambo hili. Miguu yangu si mibovu. Mbele ya taa, mbele ya toroli, inanitii. Mbele ya mvi inamtii baba yangu. Alikuwa na baiskeli nyeusi, nzito, yenye karia ya chuma nyuma ambako mimi nilikaa, na alishuka kwa kila mzee aliyemkuta njiani. Kila mzee! Alishuka hata kwa wale waliosinzia barazani. Akawasalimu taratibu wasiamke, akapanda tena. Safari ya nusu saa ilikula asubuhi yote, nami nilikuwa nakasirika kule nyuma, matako yakiniuma. Ugenini kumechukua nywele zangu, na majina ya miti mingi siyakumbuki tena. Hili la kushuka halijaguswa.

Hapo hapo nikapata wazo. Shemeji naye kalelewa hivyo hivyo.

Ijumaa, tarehe 7.

Mpango umekamilika na ni mzuri kupita kiasi.

Kesho Bibi wa Chini atakuwa kilimani, kona ya mwisho, kwenye kiti chake. Fundi ana gari dogo la mizigo. Nimemwambia kwamba bibi wa watu hajaona mji kutoka juu siku nyingi. Shemeji hupenda kutangulia. Atatokea kwenye kona, atamwona, mwili wake utakumbuka malezi, atainua mguu, na puu! Shahidi aliyelala mtaroni atamshuhudia nani? Mimi nitapita nikitazama upande wa pili. Nisiyemwona simsalimii, na nisipomsalimia sishuki.

Nimekwenda kumwomba Bibi. Akauliza kuna nini cha kuona huko. Nikasema mandhari. Akauliza kama mandhari hayo yana chai. Nimeahidi chupa nzima.

Jambo moja dogo: Binti kasikia na anasema atapanda naye garini.

Jumamosi, tarehe 8.

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Kilima nimekipanda. Hilo lisisahaulike. Pumzi ilikuwepo, gia zilitii, na pedali hizi, wallahi, ni kitu kingine: mguu unasukuma ukienda chini, unavuta ukirudi juu, baiskeli na wewe mnakuwa mnyama mmoja. Nilijihisi kijana wa miaka sitini.

Shemeji alitangulia, kama nilivyopanga. Akafika kwenye kona. Akamwona Bibi. Nami nikatabasamu.

Akainua mkono hewani, akapiga kelele, Shikamoo Bibi!, na akapita. Hakupunguza hata mwendo! Alimsalimu mama wa watu kama kondakta anayeita abiria. Nilitamani dada yake angekuwa hai amwone.

Lakini mpango wangu ulikuwa bado na nusu yake. Nikageuza shingo, nikakaza macho kwenye mtaro. Nilikuwa naliona jani moja moja. Nilikuwa nimeshampita nusu ya kiti chake aliposema, kwa sauti ya chini kabisa, mwanangu, na wewe leo hunisalimii?

Nilikuwa nimejiandaa kutomwona. Kutomsikia sikujiandaa.

Nikakamata breki. Nikainua mguu.

Shikamoo niliitoa nikiwa mtaroni, pamoja na majani niliyokuwa nayaangalia. Bibi akasema marahaba, huyu ndiye aliyelelewa. Yule mwingine alipita kama moto. Akamwita Shemeji kwa kidole. Shemeji akarudi, kichwa chini. Akasimama mbele yake, kisigino nje, laini kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa, akashuka, akainama, akasalimu upya. Vyote viwili! Adabu na kisigino, kwa pamoja, bila vumbi hata kwenye soksi.

Binti alifungua mkoba wa dawa.

Jumapili, tarehe 9.

Fundi amekuja na spana. Pedali zimeng'olewa. Zile bapa zimerudi, pana na za kijinga kama sahani.

Binti kanichemshia chai na kunifunga kidonda upya. Akasema sasa naweza kushuka na kusalimu dunia nzima, na babu angefurahi. Sikumwangalia usoni. Shemeji naye akaingia, akala mkate wangu, akasema mtu wa kushukashuka kama mimi arudi nyumbani, huko ndiko kwenye barabara za namna hiyo. Barabara ya Baba ina lami siku hizi, nyumba ina wenyewe wengine, na naambiwa hakuna anayemshukia mtu.

Walipoondoka nilitafuta chini ya sinki. Nilikuwa na tyubu kuukuu ya tairi. Nimeikata vipande virefu, kama vile alivyofungia Baba mizigo kwenye karia, na nimefunga kiatu cha kulia kwenye pedali. Halafu cha kushoto. Nimekaza mafundo mara mbili. Nimejaribu koridoni: mguu unasukuma, unavuta, haubanduki. Bora kuliko chuma! Na hakuna spana inayofungua fundo.

Namna ya kushuka nitaifikiria njiani.

Kesho natoka asubuhi, kupitia getini. Bibi atakuwa ameshatoa kiti chake.

Nyumbani sitarudi. Kwenye pedali bapa pia sitarudi.