Breki ya Pili

Jumatatu, 3 Machi

Mpango umekamilika! Kichwani tu, lakini umekamilika. Nitaunda gari la Baba jinsi lilivyokuwa baada ya ajali. Dogo, la plastiki. Nitaliweka mahali atakapoliona. Baba ataongea.

Tangu Mama afariki, Baba hajamtaja. Wala ajali. Mtu aliyefundisha udereva nusu ya mji huu, sauti yake ikisikika barabarani hata vioo vikiwa vimefungwa, sasa amebakiwa na maneno mawili: "sawa" na "baadaye". Anashinda barazani akitazama gereji. Gereji yenyewe tupu.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa chuoni, nangojea mahafali. Niliporudi gari lilikuwa limeshauzwa kama chuma chakavu.

Boksi la modeli nimelipata kwenye duka la vichezeo vya watoto. Gari dogo la milango minne, lile lile! Muuzaji aliniuliza mtoto ana umri gani. Nikamwambia ishirini na tatu. Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 4 Machi

Gari haliwezi kuharibiwa kabla halijaundwa. Sikuwa nimelifikiria hilo. Siku nzima naunga kitu kizuri ili nikivunje.

Gundi kali sana. Kidole gumba kimenata kwenye bampa.

Shangazi amenikuta hivyo. Ni dada mkubwa wa Baba. Alikuja msibani na mkoba mdogo, hajaondoka, na sasa jiko ni lake. Picha zote za Mama amezifungia kabatini, eti tusimtoneshe mdogo wake kidonda. Akataka kujua kama hiyo ndiyo digrii yenyewe, kubandika vigari. Nikamjibu kwamba huu ni utafiti. Akasema basi utafiti uhame meza, anataka kuchambua mchele. Nikahama, na bampa langu kidoleni.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya hesabu. Lori lilitoka barabara ya pembeni. Hilo kila mtu analijua. Dereva alikuwa Baba. Mama alikaa kiti cha abiria. Baba alitoka na mkwaruzo wa paji la uso. Kwa hiyo lori liligonga upande wa abiria. Mantiki safi! Nimechora hadi mishale ya nguvu.

Ni Shangazi peke yake aliyeliona gari, kule kituo cha polisi. Nikamwomba athibitishe. Akaniambia nikaanue nguo. Nguo zilikuwa hazijaanikwa. Nimelihesabu jibu hilo kuwa ndiyo.

Maelekezo niliyosoma yanasema plastiki ikwanguliwe kwa ndani mpaka iwe nyembamba kama ganda la yai, kisha ipashwe moto wa mshumaa na kukandamizwa polepole. Nimesoma, nimekubali, nimeona oveni itaokoa muda.

Gari limeyeyuka, limelala kama soksi iliyolowa. Nyumba inanuka. Shangazi amefungua madirisha yote, akasema kwa sauti, kwa faida ya majirani, kwamba wengine wakisoma sana hupungua akili.

Ijumaa, 7 Machi

Boksi la pili. Muuzaji akauliza kama mtoto amelivunja la kwanza. Nikasema ndiyo, mtundu sana.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimefanya kwa mshumaa. Nikaegemeza mgongo wa kijiko kwenye mlango wa abiria, nikasukuma. Mlango ukaingia ndani taratibu, bila sauti yoyote. Ukagusa kiti.

Niliweka kijiko chini. Nikaenda kunawa uso. Nikanawa tena.

Jioni nikarudi kazini. Boneti nimeikunja kwa karatasi ya foili. Kioo cha mbele nimekichora nyufa kwa sindano. Kwa rangi iliyobambuka, unanyunyiza chumvi, unapaka bluu juu yake, ikikauka unasugua chumvi itoke. Kwa kutu, majani ya chai yaliyosagwa. Nimesaga mengi. Kutu imekaa vizuri ajabu, kila kona.

Chakula cha jioni hakikuwa na chumvi. Shangazi akauliza ni nani mwenye tumbo la kula chumvi ya nyumba nzima. Baba akasema "sawa".

Jumapili, 9 Machi

Nililiweka kwenye kigoda, kando ya kiti cha Baba. Nikajificha nyuma ya pazia. Baba akatoka, akakaa, akatazama gereji. Hakugeuka. Nikaenda kunywa maji mara moja tu. Kurudi, gari halipo!

Shangazi alikuwa amefagia. Nimelikuta pipani, chini ya maganda ya vitunguu. Akaapa kwamba alidhani ni takataka, na kwamba hata sasa anadhani hivyo.

Hakuna profesa aliyewahi kunisifu namna hiyo. Nimelisafisha. Ganda moja la kitunguu nimeliacha ndani. Limefanana na kiti kilichochanika.

Jumatano, 12 Machi

Kosa langu lilikuwa kigoda. Baba anatazama gereji, basi gari likae gereji! Asubuhi nimeliweka katikati ya sakafu tupu, mwanga wa mlango ukiliangukia. Nikajibana nyuma ya makopo ya rangi.

Baba alitazama kwa muda mrefu. Kisha akainuka. Hakuwa ameingia gereji tangu msiba. Akaja na kandambili zake, akachuchumaa, magoti yakalia. Akaliokota.

Akaniita. Aliniita "mama", kama alivyoniita nikiwa mdogo. Alijua niko nyuma ya makopo. Nikatoka.

Neno lake la kwanza lilikuwa kwamba gari lake halikuwa na kutu. Hata chembe! Aliliosha kila asubuhi. Nani amelipaka kutu? Nikasema ni majani ya chai. Akatikisa kichwa, kama kwa mwanafunzi aliyesahau kuwasha indiketa.

Halafu akachungulia ndani. Akauliza breki ya pili iko wapi.

Sikuiweka. Nimepanda gari lile maisha yangu yote nikasahau kwamba gari la kufundishia lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja kwenye kiti cha abiria, chini ya mguu wa mwalimu. Boksini haimo.

Akaligeuza, akaweka kidole kwenye mlango nilioukandamiza. Akasema siyo huu. Ni ule wa upande wa usukani. Nikamweleza, kwa upole wa mtu aliyepiga hesabu, kwamba Mama ndiye alikuwa abiria.

Akasema hapana. Mama yako alikuwa anaendesha.

Alikuwa anajifunza kwa siri. Alitaka kuja kwenye mahafali yangu akiwa ameshika usukani, aone uso wangu. Siku ile aliomba kitu kimoja: Baba asiweke mguu kwenye breki. Alisema hatajua kama anajua kuendesha, ikiwa kuna mguu wa mtu unaomngojea. Baba akabisha. Mama akamcheka. Basi Baba akakunja miguu chini ya kiti, na Mama akaondoa gari vizuri, akabadilisha gia vizuri, akaanza kuimba.

Lori lilipotokea, miguu ya Baba ilikuwa bado imekunjwa.

Akasema mlango wake yeye ulifunguka. Bila shida, kama siku zote. Alisema hilo mara mbili.

Shangazi akaingia na beseni la nguo, akatuona tumekaa sakafuni. Nikangojea anitume mahali. Hakunituma. Alikaa juu ya kopo la rangi, beseni mapajani.

Mwishoni Baba akaniambia ningemuuliza tu. Kwamba amekaa barazani muda wote huu akingoja mtu amuulize, na sisi tunatembea kwa ncha za vidole kana kwamba yeye ndiye aliyezikwa. Akasema tena: ungeniuliza tu, mama.

Ijumaa, 14 Machi

Picha za Mama zimerudi ukutani. Shangazi amezipanga mwenyewe, moja imepinda, hakuna anayethubutu kuinyoosha.

Baba ameichukua modeli. Amekwangua kutu yangu yote. Mlango wa abiria ameunyoosha kwa mshumaa na kijiko, mkono wake mtulivu kuliko wangu. Kwa kijiti cha kiberiti amechonga breki ya pili, ndogo kama punje, akaibandika mahali pake. Upande wa usukani hakuugusa. Hakutaka niuguse mimi pia.

Jumapili, 16 Machi

Kuna jambo moja silijui. Mama alikuwa anaimba wimbo gani?

Nimelala nalo, nimeamka nalo. Baba anajua. Ni yeye peke yake duniani anayejua.

Nina mpango! Nimeshanunua boksi la lori. Muuzaji amesema mtoto huyu ana bahati. Nitaliunda, nitalibonyeza pua, na safari hii kutu itafaa kabisa, malori yana kutu. Nitaliweka gereji, kwenye mwanga. Baba ataliona, ataliokota, ataanza kukosoa, na wimbo utatoka wenyewe. Shangazi ameshaficha chumvi, lakini najua ilipo.

Baba ananiita barazani. Amevuta kiti cha pili karibu na chake. Anauliza kama nina neno.

Nimemwambia baadaye.