Kaka Kanyamaza, Mimi Naongeza Sauti

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kumi na mbili tangu kaka apatwe na kiharusi. Mkono wa kulia umelala. Maneno hayatoki. Akitaka maji husema "ta, ta", kisha hufumba macho kwa aibu. Yeye, aliyefundisha watoto kusoma miaka thelathini. Daktari anasema muziki huweza kumrudishia mtu kama huyu maneno. Alimwambia shemeji, mke wa kaka, si mimi. Lakini mwenye kukodisha spika za harusi ni nani? Kaka atapona kwa mkono wangu.

Jumanne, 4 Machi
Nimeingiza spika wodini ndani ya kapu la nguo. Nikapiga dansi la ujana wetu. Sauti ya wastani, kwa kipimo cha harusi. Mgonjwa wa dirishani akamwaga uji. Kaka akaziba sikio la kushoto kwa mkono mzima. La kulia likabaki wazi. Nikadhani ananipigia saluti. Presha yake ikapanda. Muuguzi kanitoa nje kwa kunivuta shati.

Jumatano, 5 Machi
Mama wa mazoezi ya viungo kaniita kando. Muziki haumwagwi juu ya mtu kama maji, kasema. Muulize anapenda nini, imba naye polepole, akichoka nyamaza. Nimeitikia. Wivu tu. Hajafunga spika hata moja maishani mwake.

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi nzima mjini, natafuta amplifaya ya kuazima. Nimerudi nikamkuta shemeji analia. Alikuwa akimfuta kaka mgongo huku akiimba wimbo wake wa kupigia pasi.
"Akaupokea, shemeji. Maneno kabisa: njoo ukae karibu nami."
Nikauliza nani mwingine alisikia. Hakuna.
Nimefurahi. Nimekaa kwenye ngazi za hospitali na amplifaya mapajani, sijui furaha yenyewe niiweke wapi.

Ijumaa, 7 Machi
Zamu yangu peke yangu na kaka. Sina spika, nina simu. Nimepiga wimbo. Kaka kaninyooshea mkono, "ta, ta". Nikajua anataka sauti ipande. Nikapandisha. Akageukia ukutani, mabega yakitikisika.
Shemeji aliona kutoka mlangoni. Akaniambia taratibu, "Alitaka umshike mkono tu."
Simu iliendelea kuimba. Sikukumbuka kuizima.

Jumapili, 9 Machi
Kesho kaka anarudi nyumbani. Shemeji anaanza kazi tena, kaniomba niwe nakaa naye kila alasiri, tuimbe wawili, chini chini. Anasema kaka mwenyewe kakubali kwa kichwa. Nimemwomba anivumilie, wiki hii sina nafasi. Naandika bango la kutangaza biashara yangu mpya, tiba ya muziki: "Mgonjwa wa kwanza tayari anaimba." Alasiri nimekwenda kupima sebule ya kaka, atakapowekewa kitanda. Spika nne zitaenea, na moja nitaifunga juu ya kitanda chake.