Chini ya Pangaboi

Jumatatu, 4 Agosti
Matokeo ya jaribio yamebandikwa. Hapa kwenye masomo ya ziada, mji mzima wa Lucknow unajua, tunakaa kwa alama: wa juu mbele, wa chini nyuma. Mimi nyuma tena, jirani na choo. Mbele, chini ya pangaboi, Shubhangi. Ubavuni mwake Omkar Nigam, anayetembea kana kwamba barabara ni ya baba yake. Tangu masika nakitazama kisogo cha Shubhangi. Nakijua kuliko sura yangu. Namkosa mtu ambaye sijawahi kuwa naye. Jamani!

Jumanne, 5 Agosti
Mwalimu Dwivedi kafundisha hoja ya kulinganisha. Kuidhoofisha: onyesha wanaolinganishwa hawakuwa katika hali moja. Kuiimarisha: onyesha walikuwa sawa kwa kila kitu kingine. Nikaruka kitini! Omkar kanishinda, ndiyo, lakini yeye anapepewa, mimi naiva kwa joto na harufu. Nikayasema mbele ya darasa zima. Mwalimu akacheka, akasema Girijesh leo umenena, haya, Alhamisi kwenye jaribio badilishaneni viti. Omkar akakubali bila kinyongo. Hicho ndicho kilichoniudhi.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimekaa na Shubhangi! Nywele zinanukia mafuta ya nazi. Katikati ya jaribio kalamu yake ikaisha wino. Nikampa yangu, nikabaki mikono mitupu. Maswali? Maswali gani?

Ijumaa, 8 Agosti
Balaa. Sijawahi kushuka hivi. Omkar, kule kule chooni, kaongoza. Mwalimu kanifanya mfano ubaoni: aliyetaka kuidhoofisha hoja kwamba Omkar anamzidi ndiye kaiimarisha, maana sasa hana tena joto la kusingizia. Darasa hoi kwa kicheko. Shubhangi hakucheka. Alinirudishia kalamu, akasema pole. Pole hiyo imeniuma kuliko vicheko vyote.

Jumamosi, 9 Agosti
Raksha Bandhan. Siku ya dada kumfungia kaka yake uzi mkononi, na siku ambayo kila mvulana mwenye pendo la siri huugua ghafla, maana msichana akikufungia umeshakuwa kaka yake, mapenzi basi. Omkar kaugua. Homa, ati! Mimi nikaja, tena mapema. Nilipiga hesabu: Omkar hayupo, kiti cha mbele kitupu.

Sijakaa vizuri, Shubhangi huyo, na sahani, uzi mwekundu na donge moja tamu la laddu.

“Kaka Girijesh, mimi sikujaliwa kaka, na wewe ulinipa kalamu yako ukakosa ya kuandikia. Lete mkono.”

Ningefanyaje? Nikaleta. Akafunga polepole. Vidole vyake! Akanilisha laddu, machozi yakanitoka. Akadhani ni furaha.

Jumapili, 10 Agosti
Balwant, mwenzangu wa chumbani, kasema basi, ndugu yangu, kubali: wewe umefungiwa uzi, Omkar hakufungiwa, jibu unalo mkononi. Nikamwambia hoja dhaifu hiyo! Omkar hakuwepo. Angekuwepo, yeye pia asingefungiwa? Nani ajuaye? Hatukuwa katika hali moja, hatulinganishiki. Kesho nitamwomba Mwalimu shughuli ya uzi irudiwe, Omkar akiwepo, tena tukae viti sawa. Balwant kajifunika shuka gubigubi.

Uzi sijaufungua. Leo nimeoga mkono nimeunyoosha nje ya mlango, usije ukalowa.