Nguruwe wa Rispa

Jumatatu, 1 Septemba

Nimepata! Mimi, Phineas, karani wa yadi ya malori hapa Chaani, nimepata kile ambacho madaktari wa Mombasa nzima wameshindwa kukipata. Redio imesema leo asubuhi: huko Marekani kuna mtu aliyewekewa figo ya nguruwe tangu Januari. Na yu hai. Anatembea, anacheka, anakojoa kama kawaida. Nilisimama na mswaki mdomoni mpaka povu likanidondokea shati la kazini.

Rispa, mke wangu, figo zake zote mbili zimekufa. Mara mbili kwa wiki anaenda kusafishwa damu kwa mashine, na kila akirudi ni kama nguo iliyokamuliwa. Mimi nilishapimwa. Damu yangu haipatani na yake. Tumeoana tangu tukiwa vijana, leo ndiyo damu inakuja kukataa!

Amebaki kaka yake, Clifford, dereva wa lori. Amejitolea figo moja na sasa anapimwa. Kanisa zima limeambiwa. Jana aliombewa mbele ya watu, akasimama ameinamisha kichwa kama mtakatifu wa kwenye kalenda. Nitaishije na figo ya Clifford ndani ya nyumba yangu? Kila Krismasi atakuja kuiulizia hali. Nguruwe hana makuu kama hayo. Natafuta nguruwe.

Jumamosi, 6 Septemba

Nguruwe amefika. Dume, ana sikio moja limekunjika. Nimemtoa kwa mzee Baya kule Mazeras. Aliyemleta ni Clifford mwenyewe, kwa lori lake, akirudi bandarini bila mzigo. Akamsifu njia nzima, akasema mbavu hizo zikipata ndimu na pilipili kufikia Krismasi tutajilamba vidole. Nikamkubalia. Siwezi kumfungulia mpinzani mipango yangu.

Banda nimelijenga kwa mbao za paleti nyuma ya yadi, mahali ambapo bosi hafiki. Kisha nikamleta Rispa aone, nikamweleza kila kitu. Nilijiandaa kwa machozi. Alicheka! Alicheka mpaka akashika ukuta. Sikumbuki mara ya mwisho kusikia kicheko hicho. Akauliza kama akishawekewa hiyo figo ataanza kula maganda ya ndizi. Nikamwambia hili ni jambo la sayansi, si la mzaha. Akasema basi kama watagawana figo, huyo ni pacha wake. Jina likashika hapo hapo: Pacha.

Jumatano, 10 Septemba

Nimemweleza Sista Winfred, muuguzi wa kule kwenye mashine za damu. Mama mpole, lakini anapenda kurefusha maneno. Alisema nguruwe wale wa Marekani si wa hivi hivi. Wanabadilishwa jeni, yaani zile mbegu za urithi, hata kabla hawajazaliwa, ili mwili wa mtu usikatae kiungo chao. Wanalelewa kwenye vyumba safi kuliko chumba cha upasuaji. Na hata hivyo bado ni utafiti, waliowekewa ni wachache mno, na hapa kwetu hakuna. Akanishika bega, akaniambia nisimtie mgonjwa matumaini ambayo hayapo.

Nimeelewa vizuri sana. Yanatakiwa mambo mawili: usafi, na mwili kuzoeana na mwili. Nimenunua sabuni ya dawa. Pacha ataoga asubuhi na jioni. Na kuanzia leo anakula chakula cha Rispa, kile kile, ili figo zizoee nyumba mapema.

Jumapili, 21 Septemba

Pacha anakonda! Viazi vya mgonjwa wa figo vinachemshwa, maji yanamwagwa, vinachemshwa tena, na chumvi hakuna. Pacha alivinusa, akanitazama, akalala. Rispa akasema hata yeye hujisikia hivyo hivyo.

Halafu leo, baada ya kanisa, nimemfumania Rispa akimlisha viazi karai. Na ukwaju juu! Nilipiga kelele. Nikamwambia anaiharibu figo yake kwa mkono wake. Akajibu kwamba katika familia hii lazima awepo mmoja wa kula vizuri.

Kitu kimoja nakiandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Rispa ameruhusiwa chupa ndogo ya maji kwa siku, chai ikihesabiwa humo. Katika joto hili la Mombasa! Hufyonza vipande vya barafu kama mtoto na peremende. Sasa amejiwekea kreti la soda pembeni ya banda, na kila jioni hukaa hapo kumtazama Pacha akinywa. Pacha hutumbukiza pua yote ndani ya ndoo. Anakunywa kwa kelele, maji yanaruka mpaka ukutani. Rispa anamtazama bila kupepesa. Leo alisema Pacha anawanywea wote wawili. Nikakumbuka kwamba kuna msumari nilitaka kuugongea upande wa pili wa banda, nikaenda huko, nikakaa kidogo mpaka macho yakatulia.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimempelekea Sista Winfred mkojo wa Pacha apime. Kwenye chupa ya soda, nimeifunga vizuri. Nilisimama nyuma ya banda asubuhi nzima kuutega, na viatu vyangu vimeharibika. Sista hakupima. Aliniuliza kama nalala vizuri. Akaniamuru niitoe chupa ile kabla mgonjwa mwenye kiu hajafikiri ni soda.

Rispa alikuwa kwenye mashine, akaniomba chupa aione. Akaishika mkononi, akaigeuza geuza. Yeye hajakojoa tangu mwezi wa tatu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba Pacha ana bahati. Mke wangu anamwonea wivu nguruwe. Nimeumia.

Jumanne, 14 Oktoba

Clifford amekataliwa! Ana presha, tena ya miaka. Sista Winfred alimweleza kwamba figo zake mwenyewe zimeshaanza kuchoka. Hawezi kutoa hata moja, na asipomeza dawa na kupunguza chumvi, atakuja kulala kitanda cha jirani na dada yake.

Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, kwa muda wa kutoka mlangoni mpaka getini. Kisha nikamkuta Clifford amekaa ukingoni mwa barabara, jibaba lile lote, analia kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Rispa alikuwa amesimama kando yake, plasta ya mpira wa mashine bado iko shingoni, anampapasa kichwa na kumwambia si kosa lake. Mgonjwa ndiye anayembembeleza mzima! Furaha yangu ikaisha. Sikutaka kumshinda kwa njia hii. Sasa amebaki Pacha peke yake.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Nimemfunulia Clifford mpango wote. Alinisogelea, nikajua leo nazabwa kofi. Akauliza huyo nguruwe huogeshwa saa ngapi.

Akaja na brashi yake ya kusugulia lori. Hajui kabisa! Anasugua kuanzia mkiani. Nikamwambia huanzi mkiani, unaanzia kichwani kama mtu. Akanijibu kwamba ameosha magari miaka yote na hajawahi kuanzia kwenye bampa. Tukagombana, tukamwagiana maji. Rispa juu ya kreti lake akahukumu kwamba Pacha amechafuka zaidi kuliko kabla hatujaanza. Alicheka tena. Akamtazama kaka yake, akanitazama mimi, akasema laiti angejua dawa ya ugomvi wetu ni nguruwe, angeugua zamani. Sikupenda mzaha huo.

Ijumaa, 24 Oktoba

Balaa. Amekuja bwana afya, anaitwa Ngala. Eti majirani wamelalamikia harufu. Harufu gani? Pacha ananukia sabuni ya dawa kuliko zahanati! Bosi naye ametokea nyuma yake, na ndipo alipojua kwamba ana nguruwe.

Nilimweleza Bwana Ngala habari ya utafiti tangu mwanzo: Marekani, jeni, vyumba safi, viazi. Alivua kofia. Akasema mamake naye alifariki kwa figo, kule Kaloleni, na wakati huo hata mashine walikuwa wakizisikia tu. Akasema pole sana, ndugu yangu. Kisha akavaa kofia, akatupatia muda mpaka mwisho wa mwezi tumwondoe.

Jumatano, 29 Oktoba

Redio leo imenivunja moyo. Yule mtu wa Marekani ametolewa figo ya nguruwe. Ilimtumikia miezi mingi, halafu ikachoka. Yu hai, lakini amerudi kwenye mashine. Nilirukia redio kuizima, nikachelewa. Rispa alikuwa ameshasikia.

Nilimwambia wale wenzetu huenda hawakumlisha nguruwe wao vizuri. Alimwonea huruma sana yule mtu, hata jina lake hatulijui. Kisha akaniuliza: kwa hiyo miezi yote hiyo alikuwa akinywa maji kadiri anavyotaka? Mimi najuaje? Nikasema ndiyo, Rispa, alikunywa mpaka akatosheka. Akafumba macho akatabasamu, nikaona koo lake likimeza.

Jumapili, 2 Novemba

Rispa ana homa. Ule mpira wa shingoni, unaopitisha damu kwenda kwenye mashine, umeingiwa na viini vya maradhi, navyo vimeenea mwilini. Amelazwa. Pacha amehamia kwa Clifford, kule Mikindani. Rispa aliuliza kama tumemkumbuka kwa maji. Clifford akaapa kwamba amempa ndoo mbili.

Jumanne, 4 Novemba

Habari njema! Daktari ametuita, mimi na Clifford, nje ya wodi. Alisema mengi kwa sauti ya chini, nusu sikuyasikia kwa kelele za toroli la chakula. Lakini hili nililisikia sawasawa: kuanzia sasa Rispa anywe maji kiasi chochote anachotaka. Kiasi chochote! Nilimshika daktari mkono, nikamtikisa, nikamwambia Mungu ambariki. Kama maji yameruhusiwa, basi mwili umeanza kujirudi. Nilimgeukia Clifford tufurahi pamoja, lakini alikuwa amegeukia ukuta.

Nikakimbia kununua chupa kubwa, ya baridi.

Alhamisi, 6 Novemba

Rispa wangu ametutoka alfajiri ya leo.

Jana alikunywa glasi nzima bila kupumzika. Akasema ni tamu. Akaomba nyingine. Nilimshikia glasi, na mimi mjinga nikawa namwambia polepole, polepole, kesho yapo mengine.

Jumatatu, 17 Novemba

Tumerudi kutoka kwao Rispa, Webuye. Tumemzika karibu na mamake. Siwezi kuandika habari za kaburi.

Naandika habari za Pacha. Kabla ya kusafiri, kamati ya matanga ilikaa kwa Clifford, na wazee wakaamua kwamba waombolezaji wanahitaji nyama na nyama iko bandani. Kisu kikanolewa. Nikasimama mlangoni, nikasema nguruwe huyu haliwi, ana figo za mke wangu. Watu wakatazamana. Mmoja akaanza kunisomea zaburi. Ndipo Clifford akaja, akakaa chini pale pale mlangoni mwa banda na suti yake nyeusi, akawaambia waende wakanunue kuku. Hakuna aliyethubutu kumvuka. Tangu nimjue mtu huyu, siku hiyo ndiyo nilimpenda.

Nyumba ni kubwa mno. Barafu zake bado zimo kwenye friji. Sizitoi.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimepata! Sijui kwa nini hatukuliona mapema. Pacha ni dume! Rispa ni mwanamke. Mwili ungekubalije? Tulikosea hapo tu, mengine yote yalikuwa sawa. Na Clifford, ambaye Sista Winfred amesema figo zake zinachoka, ni dume. Mambo yanapatana kabisa: figo ya Pacha ni ya Clifford!

Nimemweleza leo. Amekubali. Aliangalia chini, akasema sawa, Phineas, kama wewe unaona hivyo. Dawa zake za presha amezisahau kwenye lori, lakini nimemwambia zisimsumbue, mambo ya maana ndiyo haya. Kuanzia kesho yeye na Pacha wanakula viazi vya kuchemsha mara mbili. Jumatatu namfuata mzee Baya kwa nguruwe wa pili, jike, akiwa bado mchanga, nimlee kwa usafi tangu siku ya kwanza. Huyo atakuwa wa akiba. Mwanamke mwingine akiugua katika ukoo huu, hatutachelewa.

Tumebishana tu juu ya kuogesha. Bado anaanzia mkiani.

Jioni nilimletea Pacha ndoo yake. Nililileta pia kreti la Rispa kutoka Chaani, nikakaa juu yake. Pacha alitumbukiza pua yote. Akanywa mpaka chini, maji yakaruka yakanilowesha suruali, nami sikusogea. Nikamjazia tena.