Kichwa cha Shangazi Beryl

Enyi mnaojua kusikiliza, sogeeni, niwasimulie vita alivyopigana Alwyn Entwistle wa Burnley, simba wa sofa, kadhi wa diski, ambaye kwa miaka kumi na minne aliandika mtandaoni hukumu mia mbili na kumi na nne juu ya ubora wa picha katika diski za vichekesho vya zamani, wala hakupata kuridhika hata na kimoja.

Jumapili moja alikuja Shangazi Beryl, shangazi wa mkewe, mwenye miaka themanini na minane. Zamani za ujana aliwahi kubeba sinia la chai katika sehemu ya sita, ile ya harusi, ya kichekesho cha televisheni cha familia ya Tattersall, na tangu hapo hajajiona humo. Sasa macho yanamzimika. Daktari amesema Krismasi hayafiki. Diski ikawekwa, chai ikamiminwa, harusi ya Tattersall ikaanza, na pale juu ngazini akatokea mwanamke mwenye aproni na sinia, asiye na kichwa.

"Aproni yangu ile," akasema Beryl. "Kichwa changu kiko wapi?"

Alwyn akainuka katika sweta lake la vifungo, akanguruma: "Wachinjaji hawa watengeneza diski! Picha ya wazee wetu wameikata juu, wameikata chini! Nilikwishawahukumu jana: nyota moja, na hiyo ni huruma!"

"Na ile diski ya Pasaka, mume wangu?" akauliza Glenys, mkewe. "Na ile ya bibi na kasuku? Mbona watu wote humo hawana vichwa?"

"Wote wachinjaji!"

Beryl akaokota rimoti, akaisogeza puani. "Kitufe hiki cha kukuza picha, cha nini?"

Hapo moyo wa simba ukampasuka. Akakumbuka siku aliyoileta televisheni ile pana, alivyoona mistari myeusi pembeni mwa picha za zamani, akaapa kwamba amenunua kioo kizima na kioo kizima kitajaa, akabonyeza kitufe hicho, akasahau. Kumbe mchinjaji wa vichwa ni yeye. Akibonyeza tena, hukumu zote zinaanguka. Asipobonyeza, bibi wa watu anaingia gizani bila kichwa. Na shujaa wetu, aibu iliyoje, akachagua hukumu.

"Betri zimekwisha," akasema.

"Acha uongo wewe," akasema Beryl. "Betri nilikuletea mimi juzi, na risiti ninayo. Bonyeza, mwanangu. Mimi sina muda."

Akabonyeza. Picha ikanywea, mistari myeusi ikasimama pembeni, na juu ya ngazi akatokea mwanamke wa nywele nyekundu, akicheka mahali asipotakiwa kucheka.

Beryl akasogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo. "Kumbe nilikuwa mzuri hivi," akasema taratibu. "Na hamkuniambia. Rudisha nyuma."

Wakairudisha mara tisa.

Jioni ile Alwyn akafuta nyota moja, akaandika tano, "baada ya marekebisho ya kitaalamu ya mwandishi." Zile mia mbili na kumi na tatu hakuzigusa. Basi pigeni vigelegele, vizazi na vizazi vijue: Alwyn Entwistle alibonyeza kitufe kimoja, mara moja, kwa kidole chake mwenyewe, alipoamriwa na bibi asiyeona vizuri.