Ombi la Kumsimamisha Mkasi Kundini

Kwa Mwalimu Mlezi,
Kundi la Kujadili Maandishi ya Wanafunzi,
Chumba cha Maktaba.

Mwalimu, shikamoo.

Kuna jambo sijapata kumwambia mtu yeyote, hata mama, ingawa kila siku ananiuliza nimemeza nini. Ile hadithi ya bibi mwenye ufunguo iliyosomwa kundini wiki mbili zilizopita ni yangu. Naomba siri hii ibaki kati yako na droo ya meza yako.

Kama ujuavyo, kwa desturi yetu mtu haandiki jina. Anaitumbukiza kazi yake kwenye kasha la chaki, mwingine anaisoma kwa sauti, na mwandishi anakaa katikati ya wenzake kama hahusiki. Mimi niliandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usinisaliti. Kwa bahati mbaya zamu ya kusoma ilimwangukia Mkasi, binti wa fundi cherehani. Tunamwita hivyo kwa ajili ya kazi ya mama yake na kwa ajili ya ulimi wake mwenyewe.

Uliagiza kwamba mwenye malalamiko juu ya mwanachama asiye na adabu ayalete kwa maandishi kabla ya Ijumaa, na kwamba atakayeonekana ana kosa atasimamishwa hadi muhula ujao. Haya ndiyo yangu.

1. Hadithi ilipokwisha, watu watano walisema ni nzuri. Kikao chochote cha watu waungwana kingefungwa hapo. Mkasi akanyoosha mkono (nalitaja hilo ili nisimwonee), akasema, "Bibi tumemzika ukurasa wa tatu. Sasa huyu anayemimina chai ukurasa wa tano ni nani?" Chumba kizima kikaangua kicheko. Mwalimu, tangu lini marehemu akachekwa?

2. Sikuweza kumjibu bila kujifichua, kwa hiyo nilijitetea kama mpita njia. Nilisema huenda mwandishi, ambaye bila shaka ni mtu wa fikra nzito, alikuwa na maana ya ndani. Mkasi akasema maana ya ndani ni vizuri ichungulie nje walau mara moja. Halafu akataka kujua mbona natokwa jasho. Jasho la katibu si sehemu ya uhakiki.

3. Kwa kuwa mimi ndiye katibu, niliandika katika muhtasari kwamba hadithi ilipokelewa vizuri na baadhi ya wajumbe walilia. Kikao kilichofuata, mwenyekiti ameshashika kalamu atie sahihi, Mkasi akamzuia. "Mimi nilikuwepo. Nioneshe aliyelia, hata mmoja." Mwenyekiti akauliza. Hakuna mkono uliopanda. Mwalimu, mimi nililia. Nililia nyumbani, ni kweli, lakini muhtasari haukutaja mahali.

4. Ugonjwa umeanza kuenea. Yule msichana mpole wa dirishani, ambaye tangu azaliwe hajampinga mtu, juzi alisema shairi la mwenyekiti ni refu. Beti sita zikakatwa. Mwenyekiti akashukuru! Watu wakishaanza kushukuru kwa kukosolewa, ujue kundi limefika ukingoni.

Kwa hiyo napendekeza kwamba anayetaka kukosoa atoe taarifa siku tatu kabla, yaani kabla hajaisikia kazi yenyewe. Aanze kwa sifa kumi, na muda ukiisha kabla ya sifa kwisha, basi ndiyo hivyo tena. Itakuwa bora zaidi wakikosolewa waandishi waliokwisha kufa, maana wao hawana kikao cha wiki ijayo. Katibu naye aruhusiwe kuandika yale yaliyopaswa kutokea. Mkasi asimamishwe, na pamoja naye wote wanaoelekea kumwiga. Nimehesabu, tutabaki mimi na kasha la chaki. Palipo na mmoja hapana ugomvi.

Nimeandika haya bila kinyongo. Wasalimie walimu wenzako, mlinzi wa lango, na mtunza maktaba anayetuvumilia sisi na vumbi letu.

Ni mimi, mwanafunzi wako msikivu,
Katibu wa Kundi.

Tanbihi: Mwalimu, nilitaka kuambatanisha ushahidi, kwa hiyo leo mchana nimewazungukia wale watano walioisifu hadithi, nikamuuliza kila mmoja alipenda nini. Wawili hawakuikumbuka. Wa tatu alimsifu sana simba. Hakuna simba. Wa nne alisema alisifu ili tuwahi kwenda nyumbani, na wa tano alisema aliniona ninavyotokwa jasho, akanihurumia.

Nikakutana na Mkasi langoni. Kabla sijafungua mdomo, akaniuliza kama katibu hajui mwandishi wa ile hadithi ni nani, kwa kuwa kuna jambo linamsumbua. "Ule ufunguo ulifungua nini? Wiki mbili nauwaza, hata usingizi siupati vizuri."

Hakuna mwingine aliyeuliza. Mimi mwenyewe sikuwa nimejiuliza.

Basi tafadhali usimsimamishe. Akitakiwa mtu wa kusimamishwa, yupo aliyeandika muhtasari wa uongo. Barua yenyewe naileta hivyo hivyo, maana nimeinakili mara tatu na mwandiko umetulia.

Nilimwambia ni yangu. Hakucheka. Tulikwenda hadi kibandani kwa mama yake, akasogeza vipande vya vitambaa mezani, akalifungua daftari langu lenye hadithi ile ukurasa wa kwanza na kuomba penseli. Nikampa. Kisha nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye.